Armoni ya Bonaventure

Baraka, Jumatatu, 4 Machi 2024

Ninaandika shajara hii kwa sababu moja, nami naitaja bila kuzunguka. Kamati ya Urithi wa Muziki ya Fizi inatafuta mtafiti msaidizi. Kila mwombaji ameagizwa achague chombo kimoja cha muziki cha enzi ya ukoloni ambacho bado kipo katika eneo letu, akifuatilie msimu wote wa mvua, aandike anachokiona, kisha awasilishe maandishi yake pamoja na sauti ya chombo chenyewe iliyorekodiwa. Kazi zitapokelewa hadi Ijumaa, tarehe 10 Mei, saa sita mchana, ofisini Fizi.

Mimi ni Solange, mzaliwa wa Baraka, mwenye shahada ya historia niliyoipata Bukavu mwaka jana. Naitaka nafasi hii. Nimesikia kwamba mwombaji mmoja amechagua baragumu la shaba lililokuwa likiwaamsha wakulima wa pamba wa kampuni, na mwingine likembe ya babu yake, ile ya kupigwa kwa vidole gumba. Mimi nimechagua armoni, yaani kinanda cha kukanyaga kwa miguu, kilichomo katika kanisa dogo la mtaa wa chini, karibu na ziwa. Kwa kadiri nijuavyo, ni ya pekee iliyobaki kati ya Mboko na Fizi.

Jumatano, 6 Machi

Placide, katekista wa kanisa hilo, alinifungulia mlango asubuhi. Ni mtu mrefu wa miaka hamsini na kitu, mwenye mazoea ya kusema jambo zito kama anayeagiza chumvi.

Armoni imesimama kushoto, chini ya dirisha, imefunikwa kitambaa cha buluu. Mbao zake ni nyeusi na zinang'aa kuliko benchi lolote humo ndani. Kila mguu umesimama ndani ya kopo la dagaa lenye mafuta machafu ya moteri. Kifuniko kimeshuka juu ya vibao vya kubonyeza.

Niliomba ufunguo.

"Ufunguo gani? Haifungwe na kitu," alisema Placide.

"Basi tuifungue."

"Hapana."

Niliongeza kwamba nina barua ya Kamati. Aliisoma yote, akaikunja vizuri, akanirudishia. "Iko barua muzuri," alisema, akatoka nje kufagia majani.

Kabla sijaondoka alinieleza namna chombo kilivyofika. Wamisionari walikileta mnamo 1934 kwa meli ya mvuke, kikashushwa ndani ya mtumbwi, nao mtumbwi ukakaribia kuzama. Siku hizo ngoma zilikatazwa kanisani, kwa kuwa mapadri walisema zinaita mambo ya zamani. Waumini walifundishwa kuimba kwa sauti nne, na armoni ndiyo iliyokuwa ikiwapa kila sauti mahali pa kuanzia. Kwa maneno mengine, kilikuja kuchukua mahali pa chombo kingine. Nitaijengea hoja hii sura nzima.

Ijumaa, 8 Machi

Siku ya wanawake. Mji mzima ulikuwa kwenye gwaride, bamama wamevaa kitenge cha aina moja. Nilipita kanisani nikakuta mlango wazi na mwanamke mzee amepiga magoti mbele ya armoni, akimimina mafuta katika makopo kutoka kwenye chupa.

"Weye njo ule mutoto ya Bukavu?" aliuliza bila kugeuka.

"Ni mimi, Mama. Lakini nilizaliwa hapa hapa Baraka, Bukavu nilisoma tu."

"Unasemaka sawa redio."

Nilimwuliza mafuta yale ni ya nini.

"Ya muchwa. Ukiacha wiki mbili tu, batakula mugulu yake."

"Na ndani, Mama, nani anasafisha?"

"Ndani ni ya mwenyewe."

"Mwenyewe ni nani?"

"Bwana yangu."

"Yuko wapi?"

"Alienda Kigoma."

Nilimwuliza atarudi lini, ili nipange naye mahojiano. Alipangusa kifuniko kwa ncha ya kitenge chake, taratibu, kutoka kushoto kwenda kulia. "Akirudi utamuona," alisema.

Nilimpata Placide barabarani, nikamweleza kwa furaha kwamba mpigaji yu hai. Akanirekebisha. Mpigaji huyo, Bonaventure, aliondoka kwa mtumbwi Novemba 1996, wakati wa vita. Mtumbwi haukufika Kigoma na haukurudi Baraka. Mwanamke niliyezungumza naye ni mke wake, Mama Georgette.

Jumamosi, 9 Machi

Mvua kutwa. Sikutoka.

Alhamisi, 14 Machi

Nimepata maelezo kamili ya desturi, nayo ni ya thamani kwa utafiti wangu. Katika kanisa hili, mpigaji anapofariki, armoni nayo huhesabiwa kuwa mfiwa. Kifuniko hufungwa na hakuna anayekigusa. Familia hukaa kilio. Siku ya kuondoa kilio, mjane hukifungua kwa mkono wake mwenyewe, na mrithi wa kazi hupiga wimbo wa kwanza. Ilifanyika hivyo kwa mpigaji wa kwanza mwaka 1961, na kwa wa pili mwaka 1983. Bonaventure alikuwa wa tatu.

"Na kilio chake?" niliuliza.

"Mama Georgette alikatala," alisema Placide. "Alisema hakuna mutu alikufa. Hakuna kilio, basi hakuna kuondoa kilio. Ile armoni alifunga ni Bonaventure mwenyewe, ile siku ya kwenda. Alisema atapiga siku ya mungu, jumapili yenye inakuja."

Naliona tatizo hili kuwa la mazungumzo tu. Mama Georgette ni mtu mwenye akili, nami najua kueleza jambo. Nimejipa hadi Pasaka.

Jumanne, 19 Machi

Nilikwenda kwa Mama Georgette nikamkuta akimenya mihogo. Nilichukua kisu nikamsaidia. Alikagua muhogo wangu wa kwanza, akaumenya tena.

Nilitegemea ukimya, lakini juu ya muziki alizungumza bila kuombwa. Mama yake alikuwa mpiga ngoma. Kwa kuwa ngoma ilikatazwa ndani, yeye na wenzake walikaa nje, chini ya ukingo wa paa, na misa ilipokwisha walipiga. Bonaventure, akiwa bado kijana anayefundishwa armoni ndani, alizisikia ngoma zile kupitia dirisha kila Jumapili. Baadaye ruhusa ilipotolewa na ngoma zikaingia, wapigaji wengine wa vinanda walilalamika kwamba haziendani. Yeye alijifunza kukanyaga kwa kufuata ngoma.

"Alikuwa anakanyaga sawa mutu mwenye kucheza," alisema Mama Georgette. "Padri mumoja akamwambia: Bonaventure, hapa ni kanisa, hapana bar. Naye akamujibu: Padri, mimi niko nakaa, ni magulu njo inacheza."

Alicheka hadi akaweka kisu chini. Sikupata nafasi ya kuuliza kuhusu kufungua. Niseme ukweli, sikuitafuta.

Jumatatu, 25 Machi

Ziwa limepanda. Nyumba za mstari wa kwanza zimehamwa.

Jumapili, 31 Machi. Pasaka

Kanisa lilijaa. Kwaya iliimba kwa ngoma na kinanda kidogo cha Kichina cha betri, ambacho kilizimika katikati ya Gloria. Ngoma ziliendelea, na wengi hawakutambua. Mama Georgette alikaa mahali pake, mwisho wa benchi la kwanza, kiwiko juu ya armoni kama mtu aliyeegemea bega la mwenzake.

Baada ya misa maji yalikuwa yamefika kwenye ngazi ya chini ya kanisa. Watoto walikuwa wakirusha mawe.

Jumatano, 10 Aprili. Idi

Placide amekubali kwamba armoni inaweza kulazimika kuhamishwa. Barabara ya upande ule imekatika, kwa hiyo itahitajika mtumbwi. Nilikwenda kwa Assani, mwenye mitumbwi ya moteri, nikamkuta uani na wageni wa Idi. Nilipewa pilau kabla ya kuulizwa shida yangu.

Assani alikubali mara moja, bila kutaja malipo. Kisha akashusha sauti. "Lakini Mama Georgette asijue ni mutumbwi yangu."

"Kwa nini?"

Alinyoosha kidevu kuelekea barazani, ambako mama yake, Mama Saumu, alikuwa akigawa kahawa. "Ile mutumbwi ya 1996 ilikuwa ya baba. Hamadi. Ni yeye alikuwa anaendesha. Wote bawili bakapotea siku moja. Sisi tulingoja miezi sita, tukasoma hitima, mama akakaa eda, ikaisha. Mama Georgette akasema: mukimusomea Hamadi, mumemuzika na bwana yangu, sababu bako ndani ya mutumbwi moja. Tangu ile siku haongeake na mama. Hata jambo."

Wanawake hawa wanatenganishwa na nyumba nne tu. Wanateka maji katika bomba moja.

Mama Saumu aliniletea kahawa. "Ule mwanamuke iko muzima?" aliniuliza. Nilijibu kwamba ndiyo. "Magoti yake?" Nikasema anapiga magoti kila wiki kumimina mafuta. Alitikisa kichwa, akaenda kwa mgeni mwingine.

Jumatano, 17 Aprili

Leo nilimwomba Mama Georgette waziwazi, na ninaandika yaliyosemwa kama yalivyosemwa.

Nilimweleza kwamba maji yamefika ngazi ya pili. Kwamba ngozi na gundi za mivukuto haziwezi kustahimili unyevu. Kwamba sauti ikirekodiwa leo, itabaki hata kama mbao zitaharibika. "Tuifungue dakika moja tu, Mama. Nirekodi, kisha tuifunge kama ilivyokuwa."

"Dakika moja ya kumuua bwana yangu."

"Hakuna anayemuua, Mama. Ni miaka ishirini na saba sasa."

"Weye unahesabu. Mi ninamungoja." Aliendelea kupepeta unga. "Ulizaliwa mwaka gani?"

"1999."

"Basi haukumuonaka hata siku moja. Sasa utamuzika namna gani mutu haukumuonaka?"

Nilisema jambo ambalo singelisema kama ningekuwa nimetulia: kwamba desturi isiyo na mwisho hailindi chombo, inakiozesha. Nililisema kwa Kiswahili kizuri sana. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Mama."

"Pita muzuri."

Jumanne, 23 Aprili

Katibu wa Kamati, Monsieur Fabien, amenipigia simu kukumbusha kwamba kazi isiyo na sauti haitapimwa. Nilimjibu kwamba sauti itapatikana. Sijui kwa nini nilijibu hivyo.

Ijumaa, 26 Aprili

Mvua. Ngazi ya tatu.

Jumatatu, 29 Aprili

Mama Georgette hanijibu salamu. Leo nilimwacha apite mbele yangu bombani, akapita.

Jumamosi, 4 Mei

Nitaandika kwa mpangilio, kwa sababu siku ilikuwa ndefu.

Alfajiri Placide alikuja kunigongea. Maji yalikuwa yameingia kanisani, na mafuta ya makopo yalikuwa yameanza kuelea kuizunguka miguu ya armoni. Tulikwenda kwa Mama Georgette tukakuta mlango umefungwa kwa kamba; jirani alisema amekwenda Mboko tangu juzi, kwa binti yake aliyejifungua. Simu yake haikupatikana. Placide alisimama kidogo mbele ya mlango ule. Kisha akasema, "Tuibebe na kifuniko yake. Hakuna mutu anafungua kitu."

Assani alileta mtumbwi hadi mlangoni mwa kanisa, jambo ambalo sikutegemea kuliona maishani. Wanaume wanne waliingia, maji yakiwafika magotini. Nilikuwa nimewasha kinasa sauti cha simu. Sikufanya hivyo kwa hila. Nilitaka kuhifadhi sauti za kazi: maji, maagizo, pumzi za wabebaji. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Mtumbwini kila kitu kilikwenda vizuri. Tulishukia mahali ambapo barabara inaanza tena, mwanzo wa mtaa, na wanaume wakaiinua kuipeleka kwa Placide, upande wa juu. Walipofika karibu na bomba, aliyeshika mbele alikosa pa kushika, akashika chini, kwenye vikanyagio, akavisukuma juu ili apate nguvu. Ndani kulikuwa na kibao kilichovimba kwa unyevu na kubaki kimeshuka.

Armoni ikalia.

Ilikuwa sauti moja, nzito, ndefu, yenye kukwaruza, iliyopanda kidogo kabla ya kukatika. Wanaume walisimama. Mwenye kushika vikanyagio aliviachia, navyo vikashuka, na sauti ikaja tena, fupi zaidi. Wanawake waliokuwa bombani waliacha ndoo zao zikifurika.

Tuliifikisha salama. Imewekwa sebuleni kwa Placide, juu ya matofali. Kifuniko hakikuguswa. Mimi nina sauti, sekunde chache, safi. Hakuna aliyeisikia sauti hii tangu 1996, nami ninayo mfukoni. Niliisikiliza mara nyingi nikirudi nyumbani. Nafasi ya Fizi naiona iko karibu.

Jioni ya siku hiyohiyo

Lazima niongeze. Kabla ya magharibi nilipita kwa Mama Georgette kuona kama amerudi, nikakuta uani wanawake zaidi ya ishirini wameketi juu ya mikeka. Kuni zilikuwa zimeletwa. Sufuria kubwa ya maharagwe ilikuwa jikoni. Mwanamke mmoja alikuwa akilia kwa sauti, wengine wakimfuata.

Nilimwuliza mmoja wao, Mama Riziki, aliyekuwa bombani asubuhi, ni nani amefariki.

"Ni Bonaventure."

"Mama, nani kasema?"

"Armoni imelia."

"Ililia kwa sababu mbebaji alisukuma vikanyagio. Hakuna habari iliyokuja. Hakuna mtu aliyefungua."

"Hakuna mutu alifungua?"

"Hakuna kabisa."

"Na ikalia?"

"Ndiyo."

Aliwageukia wenzake. "Munasikia? Hata hakuna mutu alifungua."

Kilio kikaanza upya. Nilieleza kuhusu mivukuto, ndimi za shaba na msukumo wa hewa. Mama mmoja alinisogezea mkeka, akaniambia nikae, nimechoka.

Jumapili, 5 Mei

Mama Georgette alirudi kwa piki-piki saa nne asubuhi, akiwa na kuku chini ya mkono. Wanawake walikuwa wamelala palepale. Mvua ilikuwa imeanza, wakasogea chini ya paa.

Alisimama mlangoni mwa ua wake. "Nani amekufa kwangu?"

Wanawake walitazama mikeka yao. Hata Mama Riziki alitazama chini. Nilikuwa nimejiandaa kusema. Nilikuwa nimeipanga sentensi yangu tangu alfajiri, lakini nilitanguliwa.

Sauti ilitoka nyuma, karibu na jiko. "Georgette. Tulikuja kukaa."

Ilikuwa Mama Saumu. Sikujua ameingia saa ngapi. Alikuwa ameketi juu ya mkeka wake mwenyewe, miguu imenyooshwa.

"Weye," alisema Mama Georgette. "Ulikuwa unaitazamia hii siku."

"Sikuitazamia. Niliogopa tu nitakufa kabla ya kukaa na weye."

"Ulikaa zamani. Ulimusomea Hamadi, ukamuzika na wangu ndani ya ile dua."

"Nani alikuambia?"

"Bote balisikia. Mutumbwi moja, dua moja."

Mama Saumu alivuta miguu yake, mmoja baada ya mwingine, lakini hakusimama. "Shehe aliniuliza: tutaje majina mbili? Nikamwambia: moja. Akasema: lakini balikwenda pamoja. Nikamwambia: Hamadi ni wangu, nitasema juu yake. Ule mwingine iko na bibi yake, na bibi yake hajasema kitu. Uliza Assani. Uliza na shehe, iko muzima, anasikiaka vibaya tu."

Mvua ilipiga mabati. Kuku alijipindapinda mkononi mwa Mama Georgette, naye akamkaza bila kumtazama.

"Hawakumutaja?"

"Hapana."

"Miaka hii yote, mbona hukuniambia?"

"Ulinipatia nafasi? Nikikuja huku, unaingia kule. Hata bombani unanigeuziaka mugongo. Na weye uko na mugongo mukubwa, Georgette, hakuna pa kupitia."

Mama mmoja alicheka, akaziba mdomo. Kisha nikamwona Mama Georgette mwenyewe akiuma midomo. Alimpa kuku mtu aliyekuwa karibu, akaja hadi mkeka wa Mama Saumu.

"Sogea."

Mama Saumu alisogea. Waliketi bega kwa bega, wakitazama mvua. Mama Georgette hakulia. Wale wengine ndio waliolia, naye hakuwakataza.

Baadaye, walipokwisha kumweleza yaliyotokea bombani, aliniita. "Weye mutoto ya redio. Uko na ile sauti?"

Nilimpa simu. Aliishika karibu na sikio, akasikiliza mara moja tu.

"Iko na maji," alisema. "Inakohoa."

Jumanne, 7 Mei

Fundi Vainqueur, anayetengeneza redio na vinanda vya umeme, ameitazama armoni kwa nje mbele ya Mama Georgette. Alibisha mbao, akanusa mianya, akabonyeza mivukuto kwa kidole kupitia nyuma. Alisema gundi imeanza kuachia. Ikifunguliwa wiki hii na kukaushwa polepole, itapona. Ikibaki imefungwa, kufika Juni itakuwa sanduku.

"Mama, haina siri," alisema. "Ni kufungua ao kuitupa."

Mama Georgette aliuliza kama inaweza kufunguliwa nyuma tu, kifuniko kikabaki. Vainqueur alisema hapana. Vibao vilivyovimba viko chini ya kifuniko.

Mama Georgette aliketi kwenye kiti cha Placide. Wiki tatu zilizopita ningekuwa na hoja nne. Leo nilikuwa nikitazama mikono yake, nikikumbuka kwamba kila wiki, kwa miaka ambayo mimi nilikuwa nikikua, ilimwaga mafuta katika makopo yale, ili mtu akirudi aikute imesimama. Aliyekiozesha chombo hiki si yeye. Bila yeye nisingekuwa na chombo cha kuchagua.

"Kama akirudi," alisema mwishowe, akimwambia Placide, si mimi, "atakuta nini? Sanduku?"

"Atakuta sanduku, Mama," alisema Placide.

"Atanigombeza."

"Atakugombeza sana."

Alisimama, akatengeneza kitenge. Alisema atazungumza na Saumu kuhusu siku. Kisha akanigeukia. "Na ile sauti yako, isiende Fizi. Ile si kupiga. Ile ni kukohoa. Batu basisikie bwana yangu akikohoa."

Nilimwambia haitakwenda. Nilimwambia hivyo kabla sijafikiri, na nilipofikiri sikubadilisha.

Alhamisi, 9 Mei

Mama Georgette na Mama Saumu wamepanga kuondoa kilio keshokutwa, Jumamosi. Jana jioni Assani alimleta shehe kwa piki-piki, akathibitisha kwa sauti kubwa, kama wasemavyo wasiosikia, kwamba jina lilikuwa moja. Mama Georgette alimpa ndizi.

Asubuhi nilimpigia Monsieur Fabien, nikaomba siku moja ya nyongeza. Alinijibu kwa adabu. "Mademoiselle, tarehe ni tarehe. Wenzako wote wameleta. Kazi bila sauti ni kazi pungufu." Nilimweleza kwamba ninayo sauti ya sekunde chache, lakini sina ruhusa ya kuituma. Nilisikia karatasi zikifunuliwa. "Basi andika hivyo," alisema.

Ninaandika hivyo. Shajara hii itapanda Fizi kesho alfajiri pamoja na kijana wa Assani, kwa piki-piki. Kwa heshima zote kwa Kamati, haina sauti ndani yake, na ninajua maana yake kwa ombi langu.

Hakuna mrithi aliyefundishwa kupiga. Nilimwuliza Mama Georgette ni nani atakayekaa kwenye armoni. Alisema yeye atafungua, Saumu atakaa kando yake, Placide atakanyaga, na atakayethubutu atabonyeza. "Siku ya kwanza ilie tu," alisema. "Kupiga muzuri bataanza kujifunza jumatatu."

Ninawaomba wanakamati waje wasikie wenyewe: nyumbani kwa Placide, upande wa juu wa mtaa, Baraka, Jumamosi tarehe 11 Mei, saa tatu kamili asubuhi.